Gitaa la Malcolm: Miaka 45 ya AC/DC Kurudia Jambo Lile Lile

Lawama dhidi ya AC/DC ni moja tu, na ina umri mkubwa kuliko wengi wetu tunaosoma hapa: kwamba hawa wazee wametoa albamu ile ile mara kumi na saba. Si siri. Angus Young mwenyewe, yule mpiga gitaa wa kaptura, amewahi kuitania lawama hiyo. Mwekee mtu asiyepatana na roki nzito T.N.T. ya 1975, halafu Power Up ya 2020, na kuna uwezekano mkubwa atakuuliza, "Si hii ndiyo ile?" Gitaa mbili, besi isiyo na haraka, dramu za moja-mbili, na mtu anayepiga kelele kama aliyebanwa vidole na mlango.

Mimi nataka kutetea huko kurudia. Si eti kila walichotoa ni kizuri. Ziko albamu za AC/DC ambazo singemwekea hata mtu anayenidai. Lakini ukizisikiliza kwa mfuatano, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, unasikia muziki mmoja ukibebeshwa mizigo tofauti: kwanza njaa, halafu msiba, halafu pesa, halafu uchovu, na mwisho msiba tena. Na katika zama hizi ambapo kila msanii, mwandishi na muuza viatu anaambiwa ajibadilishe kila wiki mbili la sivyo atasahaulika, bendi iliyokataa kubadilika kwa miaka 45 inastahili kuulizwa: mlikuwa mnalinda nini?

Tuanze na kazi, kwa sababu hapo ndipo wao walianzia. Familia ya Young ilitoka Glasgow, Uskoti, ikahamia Sydney, Australia, mwaka wa 1963. Walipofika walikaa kwanza Villawood, kambi ya kupokelea wahamiaji. Hapo ndipo kaka yao George alikutana na vijana wengine wahamiaji wakaunda The Easybeats, bendi iliyotamba hadi Ulaya katikati ya miaka ya sitini. Kwa hivyo wadogo zake, Malcolm na Angus, walikua wakiona kwamba muziki ni kazi inayoweza kulisha nyumba, na pia kazi inayoweza kukutema ukarudi nyumbani mikono mitupu. Malcolm aliacha shule mapema akaingia kiwandani kutengeneza mashine za kushona sidiria. Jina la bendi lenyewe lilitoka kwenye cherehani: dada yao Margaret aliona herufi AC/DC, zile za umeme, zimeandikwa kwenye mashine, akaona zinafaa. Onyesho lao la kwanza lilikuwa usiku wa kuamkia mwaka mpya, 31 Desemba 1973, katika klabu ya Chequers, Sydney.

Margaret huyo huyo ndiye aliyependekeza Angus avae sare za shule jukwaani. Hapa naomba tutulie kidogo. Angus aliacha shule akiwa kijana mdogo, kisha akavaa kaptura, koti, tai na kofia ya shule kwa zaidi ya nusu karne, mpaka nywele zikawa nyeupe. Mimi ni mtu niliyeacha chuo, kwa hivyo habari hii hainipiti hivi hivi. Huku kwetu sare ni kitu cha kulilia: mzazi anauza mbuzi ili inunuliwe, unarudishwa nyumbani ukiwa na sweta ya rangi isiyo yake, na ukishatoka shule kabla ya wakati, watu wanakuangalia kama uliyevuliwa nguo. Angus aliichukua ile nguo ya walioshindwa kumweka darasani akaifanya ovaroli. Anaivaa akienda kazini, anaivua akitoka. Watu wengi huiona kama kichekesho, na kweli inachekesha, lakini mtu hawezi kuvaa kichekesho maisha yake yote. Hilo ni vazi la kazi.

Albamu za kwanza zilirekodiwa Sydney, katika Albert Studios, George akiwa prodyuza pamoja na mwenzake wa Easybeats, Harry Vanda. Mwimbaji alikuwa Bon Scott, Mskoti mwingine aliyeletwa Australia akiwa mtoto, mkubwa kwa Malcolm kwa miaka kadhaa, aliyeacha shule akiwa na miaka 15 na kupitia vibarua vya kila namna. High Voltage na T.N.T. zote zilitoka Australia mwaka wa 1975. Ya kwanza inayumbayumba, bado inatafuta miguu. Ya pili inasimama. Ina wimbo mmoja ambao Bon anapuliza zumari la mfuko la Kiskoti katikati ya gitaa, na ungedhani ni mzaha hadi unapogundua zumari na gitaa vinaulizana na kujibizana kama watu wawili wanaobishana bei.

Kisha ikaja Let There Be Rock ya 1977. Kuna kisa kinachojulikana sana kuihusu: wakirekodi wimbo wenye jina la albamu, amplifaya ya Angus ilianza kutoa moshi, na George akamwashiria kutoka upande wa pili wa kioo asithubutu kusimama. Aliendelea hadi mwisho. Ukiisikiliza albamu hiyo sasa, na hasa kwa sauti ya juu, utaelewa George alikuwa anatafuta nini. Gitaa zina vumbi, zinakwaruza, unasikia watu wanne au watano katika chumba kimoja wakitoa jasho. Hakuna aliyepaka rangi juu ya kutu.

Lakini albamu yao bora, kwa maoni yangu, ni Powerage ya 1978, ambayo kwa mauzo haikuzipita jirani zake na kampuni haikufurahishwa nayo sana. Kisa chake ni pesa, au tuseme ukosefu wa pesa. Bon Scott alikuwa na miaka 31, bendi ilikuwa imezunguka dunia, na bado hakuwa na kitu. Nyimbo zake humo zimejaa watu wanaodaiwa, wanaocheza kamari, wanaojidai wana mali wasiyoweza kuitunza, wanaokimbia mwenye nyumba. Down Payment Blues ni wimbo ambao kijana yeyote wa Nairobi anayeishi kwa kulipwa baada ya siku tisini ataelewa bila kufasiriwa. Jinsi unavyojengwa ni somo: gitaa moja linaanza chini chini, linarudia mzunguko mmoja, dramu zinaingia bila fujo, na kila mara unapodhani sasa kutalipuka, wanakuzuia. Hakuna kulipuka hadi umechoka kungoja. Deni ndivyo lilivyo.

Na Bon hajionei huruma. Hii ndiyo tofauti kati yake na waimbaji wengi wa roki ya wakati ule, waliokuwa wakiimba juu ya majini, mabonde na ngazi za mbinguni. Yeye aliimba kama mtu anayekusimulia mambo ya aibu yake kwenye kaunta, jicho moja likikukonyeza. Unacheka, halafu unafika nyumbani unagundua alikuwa anakwambia yuko mpweke.

Baada ya Powerage, kampuni ya Marekani, Atlantic, ilitaka pesa zake. Kaka George akawekwa kando, akaletwa prodyuza mpya: Robert John "Mutt" Lange. Wasomaji wa huku wanapaswa kujua kwamba huyu Lange alizaliwa Mufulira, kule kwenye migodi ya shaba ya Zambia, akakulia Afrika Kusini. Alichofanya kwenye Highway to Hell ya 1979 ni kuosha vyombo. Muziki haukubadilishwa. Alitoa makombo, akaongeza sauti za kuitikia ili kiitikio kiwe kipana, akamfundisha Bon kupumua. Albamu ikaingia ishirini bora Marekani kwa mara ya kwanza. Naipenda, ingawa naikosa ile kutu. Kwa mara ya kwanza unasikia AC/DC wakijua kwamba kuna mtu anasikiliza.

Tarehe 19 Februari 1980, Bon Scott alikutwa amefariki ndani ya gari, London, baada ya usiku wa kunywa. Alikuwa na miaka 33. Uchunguzi ulisema ni sumu ya pombe.

Miezi mitano baadaye, 25 Julai 1980, Back in Black ikatoka.

Kasi hiyo bado inanisumbua, na sidhani inafaa kuizoea. Walimpata Brian Johnson, mwimbaji kutoka kaskazini mwa Uingereza ambaye bendi yake ya zamani, Geordie, ilikuwa imekwisha na sasa alikuwa akijipatia riziki kwa kukarabati paa za magari. Bon mwenyewe alikuwa amewahi kumsikia akiimba na kumsifu. Wakaenda Nassau, Bahamas, na Lange. Jalada likawa jeusi tititi kwa ajili ya kuomboleza. Albamu inaanza kwa kengele, kengele halisi iliyotengenezwa na kiwanda cha John Taylor cha Loughborough, inalia polepole peke yake kabla gitaa halijaingia. Kisha, baada ya hiyo kengele, hakuna matanga. Kuna nyimbo za wanawake, za kelele, za usiku. Albamu hii ikaja kuwa miongoni mwa albamu zilizouzwa zaidi katika historia ya dunia. Marekani peke yake imethibitishwa kwa zaidi ya nakala milioni 25.

Wapo wanaosema huo ndio uanaume wa kizamani: usilie, rudi kazini. Wapo wanaosema ndiyo njia bora ya kumheshimu marehemu. Mimi naona zote mbili zimo, na ndiyo maana albamu hii haichuji. Sikiliza wimbo wenye jina la albamu. Gitaa linapiga, linanyamaza. Linapiga, linanyamaza. Katika ule upenyo unasikia toazi la Phil Rudd likihesabu tu, tik, tik, tik. Bendi nyingine ingejaza hiyo nafasi kwa madoido. Wao waliiacha wazi. Kama kuna maombolezo kwenye Back in Black, yako katika hizo sekunde wanazonyamaza, si katika maneno.

Maneno ndiyo yenye taabu. Humo ndani kuna Have a Drink on Me, wimbo wa kusifu pombe, katika albamu iliyotolewa kwa heshima ya mtu aliyeuawa na pombe. Bon aliugusa wimbo huo akiwa hai. Alikuja studio siku chache kabla ya kufa akawapigia dramu wakiujaribu. Waliumaliza bila yeye na wakauacha ulivyo. Mashabiki huniambia ni kicheko cha mtu asiyeogopa kifo. Mimi nikiusikia nahisi baridi. Hapa kurudia kunageuka kukataa kuona. Na gharama ililipwa: mwaka wa 1988, baada ya Blow Up Your Video kutoka, Malcolm mwenyewe alilazimika kuacha ziara katikati ili ajitibu ulevi, na mpwa wake Stevie Young akashika gitaa lake. Malcolm aliacha pombe. Wimbo ule haukuacha kuuzwa.

Vilevile tusiwapakie mafuta kuhusu wanawake. Katika albamu kumi na saba, mwanamke wa AC/DC karibu kila mara ni mguu, kiuno, gari au tatizo. Bon alikuwa na ujanja wa kujifanya yeye ndiye mjinga katika kisa, hivyo mara nyingi mzaha unamrudia. Johnson, ambaye namheshimu kwa koo lake, hakuwa na ujanja huo, na katika albamu za miaka ya themanini mzaha umebaki matusi ya darasa la saba. Ukisikiliza For Those About to Rock ya 1981, Flick of the Switch ya 1983 na Fly on the Wall ya 1985 moja baada ya nyingine, utasikia pia kitu kingine: bendi isiyojua ifanye nini na ushindi. Ile ya kwanza ilifika namba moja Marekani, hatua ambayo hata Back in Black haikufikia, lakini ni nzito kama mtu aliyeshiba kupita kiasi. Waliachana na Lange, wakajitengenezea wenyewe ile ya pili ili warudishe kutu, na kutu ikarudi bila nyimbo. Katika ile ya tatu, sauti ya Johnson imezamishwa ndani ya kelele kiasi kwamba unahisi anaimba akiwa kwenye nyumba ya jirani.

Walichokuwa wamepoteza kinaonekana ukijua pa kusikiliza, yaani kwa Malcolm. Kila mtu anamtazama Angus akigaragara sakafuni na sare zake. Malcolm alisimama nyuma karibu na amplifaya, akasogea mbele wakati wa kuitikia tu, akarudi. Yeye ndiye aliyeianzisha bendi, akaiongoza, na kuandika nyimbo pamoja na mdogo wake. Alipiga gitaa la ridhimu tu, kwenye Gretsch kuukuu aliyoing'oa vifaa asivyovihitaji. Kama umekulia kwenye benga au rumba, unajua kwamba solo haliwezi kupaa bila gitaa la pili kushikilia ardhi. Malcolm alikuwa ardhi. Katika albamu za themanini anapiga vilevile, ila nyimbo hazimwachii nafasi ya kunyamaza. Kila upenyo umejazwa, na muziki wa AC/DC ukijazwa unakuwa kelele ya kawaida.

Nafasi ilirudi na The Razors Edge ya 1990, ambapo ndugu wawili waliandika nyimbo zote, maneno pia, na prodyuza Bruce Fairbairn akawasafishia chumba. Thunderstruck inaanza na gitaa moja peke yake kwa muda mrefu kuliko kampuni yoyote ya redio ingependa. Baadaye zikaja Ballbreaker ya 1995 na Stiff Upper Lip ya 2000, ambayo kaka George alirudi kuisimamia. Hiyo ya pili ni ya wazee waliotulia, imeegemea blues, na wachache huizungumzia ingawa ina raha yake. Black Ice ya 2008 ina nyimbo kumi na tano, tano zaidi ya zinazohitajika. Marekani iliuzwa kupitia maduka ya Walmart pekee, ikafika namba moja bila hata kuwepo kwenye duka la iTunes. Kwa miaka mingi walikataa kuweka muziki wao huko kwa sababu hawakutaka nyimbo ziuzwe moja moja kama sigara. Waliingia 2012, na kwenye majukwaa ya kusikiliza moja kwa moja 2015. Unaweza kuwacheka kwa ukaidi, lakini walikuwa na hoja: albamu kwao ilikuwa kazi nzima ya siku, si vipande.

Mwaka wa 2014 ilitangazwa kwamba Malcolm ana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na hatarudi. Fikiria hilo kwa bendi hii. Mtu ambaye maisha yake yote yalikuwa kurudia, kwa uaminifu, sehemu ile ile kila usiku, akaanza kusahau sehemu hiyo. Tayari kwenye ziara ya Black Ice alilazimika kujifunza upya nyimbo alizoziandika mwenyewe. Rock or Bust ilitoka mwaka huo wa 2014, Stevie akiwa amesimama mahali pake tena, safari hii kwa kudumu. Ni albamu fupi, ya kutosha, na sidai zaidi ya hapo. George alifariki Oktoba 2017. Malcolm akafuata Novemba, akiwa na miaka 64.

Power Up ya 2020 ni albamu ya maiti kwa maana nzuri. Angus alirudi kwenye hazina ya rifu na vipande ambavyo yeye na kaka yake walikuwa wamehifadhi kwa miaka, akavifanya nyimbo. Kila wimbo umeandikwa kwa majina mawili, Angus na Malcolm. Johnson, aliyekuwa amelazimika kuacha ziara 2016 kwa sababu ya masikio, alirudi. Rudd alirudi. Cliff Williams, mpiga besi, alirudi kutoka kustaafu. Wakapiga kama walivyopiga siku zote, na kwa mara ya kwanza tangu 1980, kupiga kama siku zote kulikuwa na uzito. Kama wangebadilisha chochote, Malcolm angekuwa ameondoka kweli.

Hilo ndilo jibu langu kwa swali la walikuwa wanalinda nini. Walilinda sehemu ambayo mtu mwingine angeweza kuisimamia akiondoka mmoja. Bon alipokufa, kulikuwa na mahali pa Johnson pa kusimama. Malcolm alipougua, kulikuwa na mahali pa Stevie. Ukijibadilisha kila msimu, unabaki wewe tu, na siku ukianguka hakuna anayejua ulikuwa unapiga nini.

Kama hujawahi kuwasikiliza, usianze na mkusanyiko wa vibao. Anza na Powerage, yote, dakika zake arobaini hivi. Halafu weka Back in Black na uvue spika ya sikio la kulia, ubaki na la kushoto. Angus na solo zake atafifia. Yule utakayebaki naye ni Malcolm, akipiga kidogo, akinyamaza, akipiga tena.